Kuponi Mia na Ishirini

Majengo, Meru
14 Aprili 1993

Mdogo wangu Idrisi,

Assalaam alaykum. Sikukuu imepita na hatukukuona, lakini gauni ulilomtumia Rahema lilifika na limemkaa vizuri mabegani, kiunoni nimelipunguza mwenyewe. Anakusalimu mjomba wake, na anasema amekuwa wa tano darasani, jambo ambalo nililiamini baada ya kuishika ripoti mkononi. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba jioni. Ali wa bucha amepata mtoto wa sita, wa kiume. Mvua imeanza vizuri. Mkeo Lenah hajambo? Msalimie.

Sasa nina jambo. Wajua bei ya mafuta ya kupikia ilivyopanda tangu mwaka uanze. Hapa Majengo hakuna mwanamke anayenunua kopo zima tena. Wote wanakuja kibandani kwangu na vikombe kupimiwa kwa kijiko. Nafungua kopo la mafuta ya Shibe asubuhi, na kufika magharibi limekwisha. Ramadhani nilifungua mpaka makopo matatu kwa siku, kwa ajili ya sambusa na kaimati.

Ndani ya kila kifuniko kuna kuponi. Ukifikisha kumi, unauziwa kopo jipya kwa nusu bei. Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Kuponi ni ya nani, yangu niliyefungua kopo au ya mteja? Mimi nilidhani ni yangu. Wambura, mteja wangu wa kila siku, akasema hapana, mafuta wameyalipia wao kijiko kwa kijiko, basi na kifuniko ni chao. Tukakubaliana apewe anayenunua kijiko cha mwisho, yule anayekwangua. Idrisi, nilijuta. Ikawa asubuhi hakuna anayenunua! Wanatuma watoto kuchungulia kopo limefika wapi, kisha saa kumi na moja wanafika kumi kwa mpigo, kila mmoja anataka kukwangua. Makandi na Karimi walivuana leso mbele ya wanaume waliokuwa wakitoka msikitini.

Basi tukapatana hivi. Kuponi zote zikae kwangu, lakini juu ya kila moja liandikwe jina la aliyelikwangua kopo hilo, kwa wino, ili nisije nikazibadilisha. Hayo ya kuzibadilisha ni maneno ya Wambura, si yangu. Rahema ameziandika zote kwa mwandiko mzuri, tukazibandika kwenye daftari kwa uji wa ngano. Sasa zimetimia mia na ishirini. Hiyo ni katoni nzima, makopo kumi na mawili kwa nusu bei, na kila mtu atapata kwa hesabu ya jina lake.

Duka la hapa Meru lililokuwa likizipokea limeacha. Nasikia huko Embu duka la Ndambiri bado linazipokea, na mwisho ni tarehe thelathini na moja Mei. Wewe unapita mlangoni pake kila siku. Je, utatufanyia? Nijibu upesi, na unijibu kweli. Hawa wanawake wakishapoteza imani nami hawarudi, na Mwirigi ng'ambo ya barabara ameshanunua kijiko chake cha kupimia.

Dada yako,
Mwanabibi


Dallas, Embu
25 Aprili 1993

Dada Mwanabibi,

Waalaykum salaam. Barua ilinifikia Jumanne. Sisi wazima, ila bucha limepoa. Mtu ananunua robo kilo kisha anaomba mfupa wa nyongeza mkubwa kuliko nyama yenyewe, na tajiri wangu ameanza kunitazama kama mimi ndiye niliyepandisha bei. Mguu huo usiukandie maji ya moto kila siku, nenda hospitali. Mpe Ali pongezi, mwambie sasa apumzike.

Nimeuliza kwa Ndambiri. Mwenyewe sikumkuta, lakini karani wake ameniambia ni kweli wanapokea, lete kuponi na nusu ya pesa. Kwa hiyo nitumie.

Lenah nilipomsomea habari ya kuvuana leso alicheka mpaka akakaa chini. Anauliza kama kopo lenyewe mnalipiga kufuli usiku.

Ombi langu moja, mpe daftari mtu unayemwamini wewe. Likipotea njiani najua ni nani atakayesemwa.

Nduguyo,
Idrisi


Majengo, Meru
6 Mei 1993

Idrisi,

Salamu nyingi, na haraka nyingi pia, maana Ali anaondoka alfajiri kufuata mbuzi huko kwenu na barua hii anaibeba yeye. Rahema amerudi shule. Mvua imezidi, choo cha nyuma kimebomoka upande. Lenah mwambie kopo silipigi kufuli, nalala nalo.

Ndani ya mfuko wa kitambaa nilioushona mdomo kuna daftari na pesa. Kuponi nimezihesabu mara tatu mbele ya Wambura, Makandi na Karimi, na kila mmoja amezihesabu tena kivyake. Pesa nazo vivyo hivyo. Usiukate mshono mpaka uwe umekaa mbele ya karani.

Nitasema hili kisha nisirudie. Tangu zile ngozi nne za marehemu baba nilikuwa nimeapa sitakupa tena kitu cha watu ukishike. Sasa nimekupa. Nataka makopo kumi na mawili, na nataka risiti. Risiti ndiyo nitakayowaonyesha hawa wanawake. Bila risiti mimi ni mwizi na wewe ni mwenzangu.

Dada yako,
Mwanabibi


Majengo, Meru
29 Mei 1993

Idrisi,

Wiki ya tatu hii sijapata neno lako. Nasema hatujambo, ijapokuwa hukuuliza. Mguu umepungua.

Jana kondakta wa basi alinishushia boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, jina langu juu yake. Sikulifungua peke yangu. Niliwaita wote, maana nilitaka washuhudie. Nimekata kamba mbele ya wanawake kumi na wanne, na ndani mkawa na makopo sita. Sita, Idrisi. Hakuna barua wala risiti. Nimelipindua boksi, nimelipapasa mpaka kwenye kona, watu wakinitazama.

Wambura alikunja mikono tu, na Wambura akikunja mikono afadhali angetukana. Karimi ndiye aliyeuliza, "Mama Rahema, hii ni nusu ya carton ama ni macho yangu?" Nikasema mengine yako njiani. Nilisema hivyo nikiwa sijui lolote, na nadhani walinisoma usoni.

Makopo mengine sita yako wapi? Nataka jibu moja, halafu risiti.

Mwanabibi


Dallas, Embu
12 Juni 1993

Dada yangu,

Idd njema, japo imechelewa. Hapa tuliswali uwanjani, jua lilikuwa kali ingawa watu walikuja na makoti. Njahi, yale maharagwe meusi, zimezaa sana huku mwaka huu, Lenah ameletewa gunia na mama yake na tunazila asubuhi na jioni. Nimefurahi kusikia mguu umepungua. Je, choo kimejengwa? Tumia mawe, usitumie udongo peke yake, utabomoka tena. Rahema asome Hesabu kwa bidii, ndiyo itakayomsaidia.

Kuhusu yale mambo, makopo yaliyobaki yanakuja kidogo kidogo. Mawili haya nimempa kondakta yule yule. Mengine yatafuata. Mwambie Wambura asiwe na wasiwasi, na wewe usiwe na wasiwasi.

Risiti sinayo hapa karibu.

Nduguyo,
Idrisi


Majengo, Meru
3 Julai 1993

Idrisi,

Leo salamu ni fupi. Tu wazima.

Ulinijaza ukurasa mzima wa njahi na mawe ya choo, na jambo lenyewe ukalipa mistari mitatu. Risiti huna hapo karibu. Kwani ilisafiri? Ndambiri anauza katoni ikiwa nzima au anaibandua kopo moja moja? Niliposoma barua yako mara ya pili nikajua unanificha kitu. Tangu utotoni ukiwa na kosa unaongea habari za hali ya hewa.

Ali alirudi jana kutoka huko. Sikumtuma apeleleze, ama niseme kweli, nilimtuma. Ameniambia hivi: "Dada, nimemwona Lenah asubuhi na mapema pale njia ya kuingilia mtaa wao wa Dallas. Ana jiko, ana karai, anakaanga mandazi. Kando yake kuna makopo mawili ya Shibe, moja limefunguliwa." Nikamwuliza tangu lini Lenah akauza mandazi. Akasema majirani wanasema tangu katikati ya mwezi wa tano. Katikati ya mwezi wa tano! Daftari letu lilifika kwako tarehe saba.

Basi ndiyo hayo. Wanawake wa Majengo wananyimana kijiko wapate kubana, na huko mafuta yao yanafanyiwa biashara. Kikulacho ki nguoni mwako. Wala sikulaumu wewe peke yako. Huyo mkeo ndiye aliyekupa akili hiyo. Mtu wa kuja hana uchungu na watu wako, nilikuambia siku ile unamuoa, ukaninunia miaka miwili.

Nimewaeleza wanawake. Ningefanya nini? Mwirigi alikwisha kuwachukua watano, na Wambura alikuwa akisema kwa sauti kisimani kwamba mimi na wewe tumegawana. Niliwaita wakaja, nikawaambia mimi sikuonja hata kijiko kimoja, mwizi ni ndugu yangu, na si mara yake ya kwanza. Nikawasimulia habari ya zile ngozi. Wakanionea huruma. Watatu kati ya wale watano wamerudi kununua kwangu.

Usitume tena barua ya njahi.

Mwanabibi


Dallas, Embu
20 Julai 1993

Dada,

Salaam.

Kopo moja hili. Yamebaki matatu. Yatakuja.

Mimi niite upendavyo, nimezoea. Lenah mwache.

Idrisi


Majengo, Meru
15 Agosti 1993

Ndugu yangu Idrisi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sijui nianzie wapi salamu. Natumaini mnaamka salama, wewe na Lenah. Sisi tunaamka.

Alhamisi posta walinipa bahasha kubwa ya kaki. Anwani si mwandiko wako. Ndani hamkuwa na barua, hata kipande. Mlikuwa na daftari letu.

Nilikaa nalo mapajani kibandani, wateja wakasimama na vikombe vyao na sikuwaona. Kuponi zote mia na ishirini zimo kama tulivyozibandika, na majina ya watu juu yake, Makandi, Karimi, Wambura, Wambura, Makandi. Kila ukurasa umepigwa mstari wa wino mwekundu kutoka kona hadi kona. Ukurasa wa kwanza kuponi moja imebanduliwa nusu, ikaonekana nyuma yake, na nyuma kuna maandishi madogo ya Kiingereza.

Rahema yuko likizo. Nikampa asome. Alisoma kimya kwanza, nikamwambia toa sauti. Akaniambia, "Mama, wanasema kuponi ikiandikwa chochote ama kuchafuliwa, haifai tena. Hawaikubali." Kisha akalia, maana mwandiko ni wake. Nikamwambia anyamaze, kosa si lake. Na kweli si lake. Siku ile tunabandika aliniuliza, "Mama, huku nyuma pameandikwa nini?" nikamjibu paka uji, wanawake wanangoja.

Nimehesabu mwenyewe. Nusu ya bei ya makopo kumi na mawili ni bei kamili ya makopo sita. Sita ndiyo yaliyokuja kwanza. Kisha mawili, kisha moja. Haya matatu yaliyoletwa baadaye yalinunuliwa kwa pesa za nani? Idrisi, yale mandazi?

Niambie nimekosea. Naomba sana uniambie nimekosea.

Dada yako,
Mwanabibi


Dallas, Embu
27 Agosti 1993

Dada Mwanabibi,

Waalaykum salaam. Tu wazima. Bucha wamenipunguzia siku, sasa naenda tatu kwa wiki.

Hukukosea. Nilikata mshono mbele ya karani kama ulivyotaka. Alifungua ukurasa wa kwanza, akamwita mwenzake, akasema, "Hebu kuja uone, huyu mzee ametuletea register ya shule." Wakacheka wakaita wengine. Kisha akabandua moja akanionyesha nyuma. Nikamwomba. Nikamwambia hawa ni wanawake wanaonunua mafuta kwa kijiko, majina waliyaandika kwa sababu hawaaminiani, hawakujua. Akasema, "Pole, lakini mimi ni mtu wa kuandikwa tu. Nikizichukua zitakatwa kwa mshahara." Alipiga mistari yake myekundu, sheria inamtaka apige. Nikarudi kesho yake nimtafute Ndambiri mwenyewe, nikamngoja mpaka walipofunga duka. Akaniambia yale yale, ila kwa upole. Nikanunua makopo sita kwa bei kamili kwa pesa mlizotuma, kwa sababu kulikuwa hakuna kingine cha kununua. Risiti ninayo. Imeandikwa sita, bei kamili. Ningekutumia ungejua.

Utaniuliza kwa nini nisikuandikie siku ile ile. Nilikaa na kalamu siku mbili. Dada, ningekuandikia zimekataliwa, ungeniamini? Jibu moyoni mwako, si lazima uniandikie. Ngozi zile niliziuza kweli, nilikuwa na miaka kumi na sita. Sasa nina thelathini na minane na bado ukinipa mfuko unaushona mdomo. Na hata kama wewe ungeniamini, ungewaambia nini wenzako? Kwamba majina uliyoyaandika wewe ndiyo yaliyoziua kuponi zao? Niliona kibanda kikifungwa. Nikaona heri niwe mlegevu kwa wiki chache, mpaka makopo yote yafike, nawe ubaki na watu wako.

Lenah ndiye aliyesema tukaange mandazi. Sikumwomba. Makopo aliyoyaona Ali tuliyanunua hapa dukani kama mtu mwingine yeyote. Anaamka saa tisa ya usiku kukanda, na mafuta yamemchoma mkono wa kulia mara mbili.

Daftari lilikuwa chini ya godoro. Barua yako ya Julai Lenah aliikuta mfukoni mwa shati langu akitaka kulifua. Kusoma anajua, unafahamu. Hakunigombeza. Alikunja barua akairudisha mfukoni, akafua nguo nyingine, na baada ya wiki chache nikatafuta daftari nikalikosa. Mpaka leo hatujaizungumza.

Idrisi


Majengo, Meru
18 Septemba 1993

Idrisi mdogo wangu,

Salaam kwako na kwa Lenah. Rahema amerudi shule na ameondoka akiwa hasemi nami vizuri. Choo tumejenga kwa mawe.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sijui nitakujibu nini kabla sijafanya linalonipasa. Siku kumi nililitazama lile daftari. Nitakuambia kweli, siku ya kwanza nilitaka kulichoma. Kibanda kilikuwa kimejaa tena, wananiita dada, wananionea huruma kwa kuwa na ndugu mwizi. Nikawa najiambia Idrisi yuko mbali, jina lake likiharibika Majengo halimnyimi usingizi Embu. Niliwaza hivyo mimi, mtoto wa mama yako. Naona aibu kuyaandika.

Ijumaa iliyopita niliwakusanya tena. Nikawawekea daftari juu ya meza, nikawasomea Kiingereza kile kwa Kiswahili kama Rahema alivyonifundisha, nikawaambia ndugu yangu hakuiba hata tone. Kuponi tuliziua sisi kwa wino, na mimi ndiye niliyekubali wino. Nikawaambia makopo matatu yamelipwa kwa mandazi ya wifi yangu, ambaye nilimtukana.

Hawakuniamini! Makandi alilishika daftari, akaligeuza, akasema, "Aii, Mama Rahema, hii ni mambo mmekaa chini na ndugu yako mkapanga. Mistari nyekundu hata mimi naweza piga." Wambura akasema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba yeye hakuwahi kutaka majina yaandikwe. Wambura! Karimi peke yake alilisoma kwa makini, na akaondoka.

Tisa wamehamia kwa Mwirigi. Waliobaki wananunua, lakini mkono wangu ukiwa na kijiko wanainama kukitazama kama kimejaa, na nikimaliza wanakitazama kikombe pia. Mwanzoni nilikasirika. Sasa napima tu. Wananifanyia niliyokufanyia wewe miaka ishirini na miwili.

Makopo matatu yaliyobaki msiyatume. Nimeyanunua kwa Mwirigi, nimewapa waliokuwa wakiyadai. Ali nimemwambia mwenyewe, na yeye ameamini, na ameahidi kuwaambia wanaume wenziwe pale bucha.

Lenah simwandikii barua, kwa sababu barua zangu amezisoma za kutosha. Nataka nimwombe msamaha nikiwa mbele yake. Nitapanda basi la asubuhi Jumamosi ya tarehe mbili Oktoba. Sitaki nipikiwe chochote. Kama hatafungua mlango nitakaa nje mpaka basi la kurudi.

Msomee barua hii, au mwachie mahali atakapoiona.

Dada yako,
Mwanabibi


Dallas, Embu
26 Septemba 1993

Dada,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Mkono wa Lenah umepona, kovu tu limebaki.

Uliyowaambia watu wa Majengo yamenifikia kupitia kwa Ali kabla ya barua yako. Nashukuru. Najua yamekugharimu nini, na wengine waamini wasiamini, mimi ninajua ulisimama ukasema. Kwangu yamekwisha.

Lenah nimemsomea barua yako yote, hata pale pa aibu. Alikuwa akikanda unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono, akaniomba karatasi aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili. Kisha akafungua kabati, akatoa ile risiti ya makopo sita pamoja na zile nyingine tatu za makopo yaliyofuata, akazipanga juu ya meza, moja kando ya nyingine, akaziwekea kikombe zisipeperuke. Ziko hapo mezani tangu jana, tunakula pembeni.

Akaniuliza swali moja tu. "Huyu dada yako anakuja kuniomba msamaha, ama anakuja kuhesabu makopo?"

Njoo Jumamosi umjibu mwenyewe.

Nduguyo,
Idrisi